Maongezi ya Fundi: Kutambua Transista za Kiwandani katika Sterio za Zamani

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. Sekunde 15, kisha ushuke polepole.)

MTANGAZAJI: Hii ndiyo sehemu yetu ya kazi za mikono, na leo tumemrudisha kwenye maikrofoni fundi wetu wa redio kutoka Kadutu, mjini Bukavu. Tangu alipotuongelea habari za betri na paneli za jua, maswali yamekuwa mengi, na moja limerudiwa na vijana wa pande zote za mpaka. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante. Jambo kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko kambini, na hasa ninyi vijana mliomaliza mafunzo ya ufundi mkapewa sanduku la vifaa na sasa mnatafuta mteja wa kwanza. Swali lenyewe ni hili. Kijana amefungua ampli ya zamani. Amekuta transista imeungua. Amesoma namba iliyoandikwa juu yake, akaenda sokoni, akanunua yenye namba ile ile, akaifunga. Ikalia siku mbili, ikaungua tena. Anauliza amekosea wapi.

Mimi namrudishia swali. Ile transista uliyoikuta ndani, nani alikuambia kwamba ndiyo iliyotoka kiwandani?

Fikiria umri wa mitambo hii. Ninaongelea zile risiva kubwa za sterio, yaani redio na ampli ndani ya sanduku moja, zenye uso wa alumini na vitufe vizito: Pioneer, Sansui, Kenwood, Marantz, na ndugu zao wa Ulaya kama Philips na Grundig. Nyingi zilitengenezwa miaka ya 1970. Ni mitambo yenye miaka 40, hata 50. Umeme wa kwetu mnaujua, unapanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Ampli ya umri huo haijapita mikononi mwa fundi mmoja. Imepita kwa watatu, wanne, na kila mmoja aliweka alichokuwa nacho siku ile. Kwa hiyo namba unayoisoma leo huenda ni namba ya fundi aliyekutangulia. Kiwanda hakiijui.

Nitawaambia nilivyojifunza jambo hili, maana nililipia ada.

Nilikuwa na miaka minne tu kwenye kazi. Mama mmoja mjane akaniletea risiva ya Kijapani, kijana wake ameibeba kichwani. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, ndiye aliyeinunua. Mama huyu alikuwa akiikodisha pamoja na spika mbili kubwa, kwenye arusi, kwenye matanga, kwenye sherehe za shule. Ndiyo ilikuwa shamba lake. Karo za watoto zilitoka humo.

Akaniambia, "Mwanangu, upande wa kushoto umenyamaza. Jumamosi nina arusi."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Ijumaa utaikuta tayari."

Nikafungua. Nyuma, kwenye bamba la kupoza joto, kulikuwa na transista nne za chuma, zile pana zenye matundu mawili ya skrubu. Mbili ni za chaneli ya kushoto, mbili za kulia. Mojawapo ya kushoto ilikuwa imeungua, na juu yake pameandikwa 2N3055. Nikafurahi! Hakuna fundi asiyeijua 2N3055. Ni transista ya Kimarekani ya miaka ya 1960, imeenea dunia nzima, sokoni ipo kila siku. Nikanunua mbili, nikazifunga, nikawasha. Ikalia vizuri pale mezani alasiri nzima. Mama akaja Ijumaa, akanilipa, akaondoka.

Jumamosi usiku, saa ya bibi arusi kuingia, wakaongeza sauti. Transista ikavunjika ndani, umeme mzima wa mtambo ukaingia moja kwa moja kwenye spika ya kushoto. Koili ya spika ikaungua mbele ya wageni. Moshi ukaonekana, watu wakatoka nje. Spika ile niliilipa kwa miezi saba. Na miezi hiyo saba mama alikosa kazi nyingi, maana nani anakodi sterio ya upande mmoja?

(MUZIKI MFUPI. Sekunde 5.)

Sasa tuangalie kilichotokea. Nilipoufungua tena mtambo, nikafanya kitu ambacho ilinipasa kukifanya mwanzo. Nilitazama upande wa kulia. Transista mbili za kulia hazikuwa 2N3055. Zilikuwa na namba ya Kijapani, zote mbili sawa, na vumbi lake na grisi yake nyeupe iliyokauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Hizo ndizo zilizotoka kiwandani. Za kushoto zilikwisha kubadilishwa na mtu kabla yangu, na mimi nikarithi kosa lake nikalirudia kwa mkono wangu.

Nikapima umeme unaolisha zile transista. Upande mmoja volti 42 juu ya sifuri, upande mwingine volti 42 chini ya sifuri. Kijana aliyezoea redio ndogo atasema ni 42. Hapana. Muziki unapopanda mpaka juu kabisa, transista moja inafunguka na mwenzake anafungwa, na yule aliyefungwa anabeba jumla ya pande zote mbili. 42 na 42 ni 84. Na 2N3055 imeandikiwa kuvumilia volti 60 kati ya kolekta na emita. Kwa sauti ya chini ilibeba volti arobaini na kitu, ikavumilia, ndiyo maana mezani kwangu ililia. Arusini ikadaiwa zaidi ya inachoweza.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: sterio ina pande mbili, na kiwanda kiliziunda sawasawa, kama mapacha. Upande mzima ni shahidi wa upande mgonjwa. Kabla hujang'oa kitu, weka mtambo mwangani, tazama transista ya kushoto, kisha tafuta pacha wake kulia. Namba ni ile ile? Umbo ni lile lile? Rangi ya maandishi? Urefu wa miguu? Zikifanana, una sababu nzuri ya kuamini kwamba zote mbili ni za kiwandani. Zikitofautiana, mojawapo ni mgeni, na kazi yako ni kujua ni ipi. Mafundi wa redio ya spika moja hawana bahati hii. Sisi wa sterio tunayo, na wengi hatuitumii.

Basi utamjuaje mgeni? Geuza bodi, tazama upande wa risasi, yaani mahali palipolehemiwa. Kiwandani bodi nzima ilipita kwa pamoja juu ya risasi iliyoyeyuka. Kwa hiyo vituo vyake vyote vinafanana: vidogo, laini, na miguu imekatwa kwa urefu mmoja. Fundi wa mtaani analehemu kimoja kimoja. Utaona donge kubwa zaidi ya jirani zake, utaona mabaki ya dawa ya kulehemia, ya kahawia, hayakufutwa. Pengine njia ya shaba imenyanyuka au imekatika ikaungwa kwa kipande cha waya. Ukiona hayo, mtu alikwisha fika hapo. Kwa zile kubwa zilizo kwenye bamba la joto, tazama vichwa vya skrubu kama vimechubuliwa, na grisi kama ni mpya wakati jirani yake imekauka.

Lakini tahadhari. Mtu kufika hapo si ushahidi kwamba alikosea. Fundi mzuri naye huacha alama. Na namba tofauti peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Viwanda navyo vilikuwa na soko lao. Transista ya aina moja ikikosekana, waliweka nyingine inayofanana nayo, na kwenye kitabu cha ufundi cha mtambo mara nyingi utakuta zimeandikwa mbili kwa nafasi moja, hii au hii. Ndiyo maana kitabu hicho, chenye mchoro wa saketi na orodha ya vipuri, kinafaa kuliko vyote. Siku hizi vingi vinapatikana kwenye intaneti. Ukienda mjini kwenye mtandao mzuri, chukua vya mitambo mnayoiona mara nyingi, uhifadhi kwenye simu.

Sasa namba zenyewe. Hapa chukueni kalamu.

Wajapani walianza namba zao na 2S. Baada yake inakuja herufi. A na B ni za PNP. C na D ni za NPN. J na K ni za jamii nyingine kabisa, zile zinazoitwa FET. Lakini juu ya kipande chenyewe, kwa kuwa ni kidogo, mara nyingi hawakuandika ile 2S. Ukisoma C1815, jina lake kamili ni 2SC1815. Ukisoma A1015, ni 2SA1015. D313 ni 2SD313. Nimeona kijana anazunguka soko zima akiuliza "C1815" na muuzaji aliyesoma kitabu anamwambia hakuna, kumbe wote wawili wanaongelea kitu kimoja.

Wamarekani walianza na 2N, na namba yenyewe haikuambii chochote juu ya tabia ya transista. Inakubidi uitafute kitabuni. Wazungu wa Ulaya walitumia herufi mbili. Ya kwanza inasema imetengenezwa kwa nini: A ni jemaniamu, B ni silikoni. Ya pili inasema kazi yake: C ni ya sauti ndogo, D ni ya sauti yenye nguvu, F ni ya mawimbi ya redio. Kwa hiyo AC128 ni jemaniamu ya sauti, na BD139 ni silikoni yenye nguvu. Huku kwetu, kwenye nyumba za zamani, bado mtakutana na Philips zenye hizo za jemaniamu. Msiweke silikoni mahali pa jemaniamu bila kufikiri. Jemaniamu inafunguka kwa volti 0.2 au 0.3, silikoni kwa karibu 0.6, na saketi ilipangwa kwa ile ya kwanza.

Baada ya namba kubwa pengine kuna herufi ya mwisho, na hiyo wengi huipuuza. Inasema transista inakuza umeme mara ngapi. Kwa 2SC1815, herufi O ni kati ya 70 na 140, Y ni 120 mpaka 240, GR ni 200 mpaka 400, na BL ni 350 mpaka 700. Kama pacha wa kulia ana GR, usimpe wa kushoto O. Atalia, lakini hawatalia sawa. Wengine waliweka nukta ya rangi kichwani badala ya herufi. Usiifute ukisafisha.

Kuna tarakimu nyingine zinazochanganya watu: tarehe. Wamarekani waliandika tarakimu nne. 7614 si aina ya transista, ni juma la 14 la mwaka 1976. Wajapani wengi waliandika kifupi zaidi, tarakimu moja na herufi, kila kampuni kwa mtindo wake. Faida ya tarehe ni hii. Ukiona kapasita zote na transfoma zinasema 1976, halafu transista moja inasema 8231, basi hiyo ilizaliwa mwaka 1982. Haikuwepo mtambo ulipoondoka kiwandani. Kinyume chake si ajabu. Kipuri kuwa kikubwa kwa miezi kadhaa kuliko mtambo ni kawaida, kilikaa ghalani.

(MUZIKI MFUPI. Sekunde 5.)

MTANGAZAJI: Fundi, kuna msikilizaji kutoka Uvira anayesema alipata namba iliyo sahihi, transista nzima kabisa, lakini bado mtambo ulikataa.

FUNDI: Huyo namwuliza habari ya miguu. Hii inaua transista nyingi kuliko radi.

Zichukue tatu ndogo za plastiki nyeusi, zile zenye tumbo bapa mbele. Zina umbo moja, huwezi kuzitofautisha ukiwa mbali. Ziweke uso bapa ukutazama wewe, miguu chini, uhesabu kutoka kushoto. 2SC1815 ya Japani: emita, kolekta, beisi. BC547 ya Ulaya: kolekta, beisi, emita. 2N3904 ya Marekani: emita, beisi, kolekta. Mnaona? Mpangilio ni tofauti mara tatu. Ukitoa ya Kijapani ukaweka ya Ulaya kwa kufuata umbo tu, umefunga mlango kwa bawaba za dirisha. Bodi nyingine zina herufi E, C na B zilizochapwa karibu na matundu. Zitafute kabla hujafanya lolote. Kama hazipo, tumia mita.

Mita yako, iweke kwenye alama ya diodi. Tafuta mguu mmoja ambao unaongea na wengine wawili kwa waya ule ule. Huo ni beisi. Silikoni itakuonyesha kati ya 0.5 na 0.7. Sasa linganisha masomo mawili: lile lililo juu kidogo, hata kwa elfu chache za volti, ni la emita. Lililo chini ni la kolekta. Na kama waya mwekundu ndio uliokuwa kwenye beisi, hiyo ni NPN. Kama ni mweusi, ni PNP. Hiyo ni kwa mita za tarakimu. Zile za mshale, nyingi zinageuza.

Lakini mita ina mwisho wake. Inakuambia hii ni transista, ni nzima, miguu yake ni hii. Haiwezi kukuambia inavumilia volti ngapi wala ampea ngapi. Zile 2N3055 zangu za arusini, mita ilizipasisha zote.

Na hapo ndipo wanapopitia wauzaji wa bandia. Namba nyingi za miaka ya 1970 viwanda viliacha kuzitengeneza siku nyingi. Halafu unakuta sokoni mfuko mzima, mpya, unang'aa, bei ya mkate. Jiulize zimetoka wapi. Mara nyingi ni transista ndogo na dhaifu iliyosuguliwa maandishi yake na kuandikwa namba ya mkubwa. Nilinunua moja ya aina hiyo, nikaikata kofia kwa msumeno, na nikakata pia moja ya zamani iliyokufa, niliyoitoa mwenyewe kwenye mtambo. Ndani ya ile ya zamani, kipande cha silikoni kilikuwa kipana kama ukucha wa mtoto. Ndani ya ile mpya, kama mbegu ya ufuta. Mnaweza kufanya jaribio hilo ninyi wenyewe, linagharimu transista moja tu. Kabla ya kukata, zipime uzito mkononi: bandia mara nyingi ni nyepesi. Tazama mikwaruzo ya msasa chini ya maandishi. Tazama kama zote kumi zilizodaiwa kuwa za zamani zina tarehe moja ya juzi.

Kwa sababu hiyo mimi sitafuti tena namba ya zamani kwa gharama yoyote. Nikishajua ya kiwandani ilikuwa ipi, kazi ya namba imeisha. Kinachobaki ni kusoma tabia zake: NPN au PNP, volti, ampea, wati, miguu. Kisha natafuta inayotengenezwa leo, iliyo sawa nayo au kuizidi. Kwa zile kubwa za chuma za NPN, MJ15003 inavumilia volti 140 na ampea 20, MJ21194 volti 250 na ampea 16. Kwa ule mtambo wa mama wenye volti 84, zote mbili zina nafasi ya kupumua. Ni ghali, ndiyo. Sisi mafundi watano wa Kadutu huchanga pesa, tunaagiza pamoja kwa muuzaji anayejulikana, mara mbili kwa mwaka. Na ukibadilisha, badilisha mbili za chaneli nzima, ikiwezekana zote nne, ili pacha wabaki mapacha.

Njia nyingine isiyo na pesa ni mitambo iliyokufa. Usitupe bodi. Nina ndoo tatu za bodi za risiva zilizopasuka transfoma au kuvunjika uso. Transista zilizomo ni za kiwandani kweli, zina tarehe zake, na hakuna aliyezigusa. Andika juu ya kila bodi imetoka mtambo gani.

Niseme pia jambo ambalo wapenzi wa vitu vya zamani hawapendi kulisikia. Transista ya kiwandani si lazima iwe nzuri leo. Risiva nyingi za Pioneer za katikati ya miaka ya 1970 zina 2SA726 kwenye mwanzo wa ampli, na kwa uzee zinaleta kelele, sauti kama mafuta yanayokaangwa, hata muziki ukiwa umefungwa. 2SC458 ya Hitachi nayo inajulikana kwa miguu inayokuwa myeusi na kelele zinazofuata. Ukikuta hizo, zimetoka kiwandani, ni za asili, na bado utazitoa. Mahali pa 2SA726 mafundi wengi duniani huweka KSA992. Kujua ya asili si kuiabudu. Ni kujua saketi ilidai nini.

Na usitafute transista kila mahali. Risiva kama Pioneer SX-780 haina zile nne za chuma kabisa. Ina vifurushi viwili vyeusi vinavyoitwa STK-0050, transista zimefungwa ndani yake. Kwa hiyo ukifungua usipoona za chuma, usidhani zimeibwa.

Kuhusu kuwasha mara ya kwanza nitasema haraka, maana muda unakimbia. Kabla ya kugusa chochote, chomoa umeme na umalize chaji ya zile kapasita kubwa kwa balbu au rezista, si kwa bisibisi. Chini ya zile za chuma rudisha karatasi ya mika na grisi, kwa sababu mwili wa chuma ndio kolekta yenyewe, ukigusa bamba umefunga njia. Halafu usiwashe moja kwa moja. Funga balbu ya zamani ya wati 60, ile ya nyuzi inayopata moto, katika njia ya umeme wa 220, mfululizo na mtambo. Ikiwaka ikafifia, endelea. Ikiwaka ikabaki inang'aa, zima, kuna kosa, na hujapoteza kitu. Mwisho, kabla ya kuunganisha spika, pima umeme wa moja kwa moja kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti kadhaa, spika ya mtu ibaki mbali.

MTANGAZAJI: Na yule mama, fundi?

FUNDI: Alirudi. Nilidhani hatarudi. Nilipomaliza kulipa spika, nilimwomba aniachie mtambo juma zima bila malipo. Nikatoa zote nne, nikaweka nne mpya za aina moja, zenye volti za kutosha. Kisha nikaandika kwa penseli ndani ya kifuniko: za kiwandani zilikuwa namba hii, kulia zilikuwepo, kushoto zilikuwa zimebadilishwa na 2N3055, volti ni 42 na 42, tumeweka hizi, tarehe hii. Penseli haifutiki na joto. Tangu siku hiyo naandika ndani ya kila mtambo ninaoufunga.

Mwaka jana aliingia msichana dukani, mwanafunzi, ana ile risiva kwenye pikipiki imefungwa kwa kamba. Akasema, "Jambo, baba. Bibi amesema nikuletee wewe tu." Safari hii ilikuwa swichi ya sauti imechafuka, kazi ya dakika kumi. Nilipoinua kifuniko alisoma ile penseli, akaniuliza 42 na 42 ni nini. Nikamvutia kiti.

(MUZIKI WA KUFUNGIA unaanza chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wenye maswali juu ya mitambo yao, andikeni namba mnazoziona za kushoto na za kulia, mtuletee kupitia vikundi vyenu vya kusikiliza. Juma lijalo, mahali hapa hapa, ni cherehani. Kwaherini.

(MUZIKI UNAPANDA. Mwisho.)